Mziwanda Katika Mchoro wa Damu

Mshauri wa hospitali aliponiuliza kwetu tumezaliwa wangapi, nilimjibu wanne, bila kupepesa macho. Akachora kwenye karatasi: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke. Mraba wa kaka mkubwa akaukata kwa mstari wa mshazari, maana alikuwa amefariki. Likafuata duara langu, kisha duara la mdogo wangu wa kike, na mwisho kabisa mraba wa mziwanda wetu. Nilimtazama akiuchora ule wa mwisho, nikamwacha auchore. Mimi ni fundi cherehani wa Kasulu na wateja wangu watawaambia kwamba uongo ninaujua, hasa nguo ikichelewa. Lakini ule haukuwa uongo wa aina hiyo. Lilikuwa neno la baba, na neno la baba kwetu halichezewi.

Baba alikuwa mkulima wa Mabamba, kule Kibondo, ambako ukisimama shambani unaona moshi wa majiko ya Burundi. Alikuwa mrefu, mwenye sauti kubwa, na sikumbuki hata siku moja alipolala kwa homa. Asubuhi moja alikuwa anapanda kutoka bondeni na mkungu wa ndizi begani. Akautua, akakaa kando yake kama mtu anayetaka kupumzika kidogo, na hakuinuka tena. Msibani watu walisema mengi. Jirani mmoja alianza kumtaja mtu aliyemroga, na mama akachukua ufagio akamtoa nao mpaka barabarani.

Miaka ikapita. Kaka mkubwa, aliyekuwa mwalimu hapa Kasulu, naye mrefu na mwenye sauti ile ile, akaanguka uwanjani walimu walipokuwa wanacheza mpira. Hakuna aliyemgusa, hata mpira haukuwa upande wake. Daktari aliyempokea hospitali alimkuta amekwisha kukata roho. Badala ya kutupa pole na kuondoka, alituuliza baba yetu alikufaje. Tulipomweleza akashusha kalamu, akatuambia tusizike tu tukaenda zetu. Madaktari wa moyo kutoka Dar es Salaam walikuwa wanakuja mara kwa mara kwa kambi ya siku chache, na alitaka kila mwenye damu ya baba afike apimwe.

Sasa hapa niacheni nijisifu. Tulikwenda wote. Najua koo nyingine ambako anatumwa mmoja akasikilize, halafu anarudi na habari nusu. Sisi tulijaza benchi la ukumbini mpaka muuguzi akauliza kama tumekuja na basi la kukodi. Alikuwepo shangazi, dada pekee wa baba, amevaa kitenge chake cha sherehe kana kwamba tumeitwa kupokea mahari. Walikuwepo watoto wa kaka, wamenyolewa na kupakwa mafuta. Mziwanda alitoka Kibondo, ambako ni fundi wa kupaua nyumba, na alikuja na nyundo yake kiunoni kwa sababu alikuwa na kazi jioni. Mtu akilegea kidogo pale kwenye benchi, shangazi alimtazama tu, akakaa sawa.

Kipimo chenyewe hakiumi. Unalala ubavu, unapakwa kitu cha ubaridi kifuani, unauona moyo wako kwenye kioo ukijifunga na kujifungua. Wangu ulikuwa na ukuta mnene upande mmoja, mnene kuliko inavyotakiwa. Daktari akasema ndio ugonjwa wenyewe, ndio uliomchukua kaka na yaelekea ndio uliomchukua baba. Nilipewa dawa za kumeza kila siku na nikaambiwa mwisho wa kupanda mlima na ndoo ya maji kichwani. Nikauliza kuhusu cherehani yangu ya miguu. Akacheka, akasema hiyo ruhusa. Wa shangazi ulikuwa mzima kabisa, na amelitangaza jambo hilo Kasulu nzima. Wa mdogo wangu ulikuwa mzima kwa sasa. Wa mziwanda pia, mzima kwa sasa, na ya watoto wa kaka vilevile.

Hayo maneno ya "kwa sasa" ndiyo yaliyotupeleka chumba cha pili, kwa mshauri. Kazi yake haikuwa kupima. Kazi yake ilikuwa kukaa na familia, kuchora nani kazaliwa na nani, na kueleza jinsi ugonjwa unavyoshuka. Alikuwa msichana wa Dar es Salaam, mwenye Kiswahili laini na viatu ambavyo havikujua vumbi letu jekundu, na kwa dakika za mwanzo nilimdharau. Kisha akaanza kueleza, nikaacha kumdharau. Alisema kila mtoto hupewa vipande viwili vya maelekezo ya kuutengeneza moyo, kimoja kutoka kwa baba na kimoja kutoka kwa mama. Baba yetu alikuwa na kipande kimoja kizima na kimoja chenye kasoro, na kwa kila mtoto alitoa kimoja tu, bila kuchagua na bila kujua. Kwa hiyo kila mtoto wake yuko nusu kwa nusu. Nilimwambia ni kama kukata nguo mbele kwa kitambaa kimoja na mgongo kwa kingine, na kimoja kina uzi uliokatika. Akasema haswa, na akauliza kama anaweza kulitumia hilo kwa wengine. Nikamwambia alitumie.

Akasema pia kwamba moyo unaweza kuonekana mzima leo na ukuta ukanenepa baadaye, kwa hiyo walioonekana wazima warudi kupimwa kila baada ya muda. Na aliyeonekana mzima, kama kile kipande chenye kasoro anacho, kila mtoto wake naye yuko nusu kwa nusu. Alilisema taratibu, akitutazama mmoja mmoja. Alipofika kwa mziwanda akamuuliza kama ana watoto. Mziwanda akasema bado, ila ana mchumba Muyama, kule Buhigwe, na posa imekwisha kupokelewa.

Ni hapo shangazi alipoona heri apigilie msumari. Hakuna aliyemuuliza. Akamwambia mshauri kwamba huyu kijana ndiye hasa wa ukoo, mtazame pua, hiyo ni pua ya babu yake mzaa baba, amempokonya nzima nzima. Mdogo wangu wa kike akaitikia. Mimi nikaitikia. Mshauri akatabasamu na kuendelea kuandika.

Mziwanda hakuzaliwa na mama. Miaka ile watu walipokuwa wakivuka mpaka kutoka Burundi kwa makundi, mwanamke mmoja alifika kwetu usiku akiwa na kichanga mgongoni na homa mwilini. Mama alimlaza jikoni, penye moto. Hakuwahi kutaja kilima cha kwao, yaani kijiji chao, au alikitaja na hakuna aliyekielewa kwa jinsi alivyokuwa anatetemeka. Baada ya siku chache akafariki. Baba alimzika upande wa juu wa migomba, pamoja na watu wetu. Kisha akaita ukoo, akachinja mbuzi, akakaa mbele ya watu wote na kumpakata yule mtoto, akamnyoa nywele za kwanza kwa mkono wake na kumpa jina la babu yetu. Kwetu baba akishampakata mtoto namna hiyo na watu wakala, mambo yamekwisha. Kuuliza alikotoka ni kumtukana baba. Nami nilikula ile nyama, nilikuwa msichana mdogo, na nakumbuka baba akisema atakayefungua mdomo asikanyage tena kwake. Hakuna aliyeufungua. Hata majirani wenye midomo mirefu hawakuufungua, na mimi mpaka leo nawaheshimu kwa hilo.

Kwa hiyo mtu wa pekee katika benchi zima ambaye ugonjwa ule haukumhusu alikuwa yeye, na yeye peke yake ndiye ambaye hakujua.

Nilidhani yangeishia hapo. Angepimwa mara moja moja, moyo ungeonekana mzima, hasara iko wapi? Lakini miezi michache baadaye niliambiwa na fundi mwenzake kwamba mziwanda hapandi tena juu ya paa. Anakaa mjini Kibondo anacheza drafti mchana kutwa. Nikamwita Kasulu. Alikuja, akakaa kwenye kiti cha wateja, akashika kipande cha kitenge na kukikunja na kukikunjua. Akaniambia ametuma mtu Muyama kuomba posa isimamishwe.

"Sitazaa mtoto wa kumzika, dada," alisema. "Nimemzika baba, nimemzika kaka. Inatosha."

Nilikasirika mpaka nikapotosha mshono kwenye cherehani. Sikumkasirikia yeye. Nilimkasirikia yule mbuzi, na baba aliyekuwa na mapenzi makubwa hivyo na hakujua yangefika wapi. Kijana mzima, mwenye moyo unaoweza kubeba nyumba, alikuwa anajizika kwa ugonjwa wa watu wengine. Na kumfungua ilikuwa lazima nimwambie kwamba sisi ndio hao watu wengine.

Kambi iliporudi nilikwenda kwa mshauri peke yangu. Nilizunguka sana. Nilimuuliza, tuseme katika mchoro kuna mtu amelelewa tu, inakuwaje? Aliweka kalamu chini. Hakuniuliza ni nani. Alisema mtu huyo ana haki ya kujua, kwa kuwa anabeba hofu isiyo yake. Ila kumwambia si kazi yangu wala yake yeye mshauri. Ni ya mama, kama mama yupo. Akasema kama mama atapenda, wanaweza kuja wote na yeye atakaa nao. Nikatoka pale nikiwa nimeacha kuvicheka viatu vyake kabisa.

Nikapanda basi kwenda Mabamba. Mama alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Nilimweleza yote, habari za paa, habari za Muyama, maneno ya kijana kama alivyoyasema. Alisikiliza huku akitoa vijiwe na kuvitupa. Nilipomaliza akaniambia baba yako alisema. Nikamjibu kwamba baba alisema ili mtoto apate kwao, si ili akose mke. Mama hakupenda nilivyojibu, na aliniambia. Akaniuliza kama nimemaliza, akanipa ugali na samaki wa migebuka, na hatukuongea tena habari ile. Nilirudi Kasulu nikiamini nimeshindwa.

Siku iliyofuata alipiga simu. Aliuliza yule mtoto wa Dar es Salaam anakaa mpaka lini.

Alifika na kuku wa kumpa mshauri, kuku amefungwa miguu, na yeye amevaa kitenge nilichomshonea Pasaka. Mziwanda alikuwa ameitwa aje kurudia kipimo. Tuliingia watatu, mama alitaka niwepo. Mshauri alifunga mlango, akampokea kuku kwa heshima zote ingawa ilionekana hajui amuweke wapi, na mwisho akamweka chini ya meza. Akamwambia mama, karibu, sema unavyotaka wewe.

Mama alimgeukia mwanawe. Kiswahili chake si kirefu, na mambo mazito huyasema Kiha, lakini siku ile alisema Kiswahili ili mshauri asikie.

"Mimi sikukuzaa," alisema. "Nilikunyonyesha. Dada yako yule wa pili alikuwa bado ananyonya. Mlinyonya wawili. Ziwa la kushoto lilikuwa lako."

Akamweleza yote, jikoni, moto, homa. Mziwanda alipouliza aliyemzaa yuko wapi, mama akamwambia ni lile kaburi la juu kabisa, ambalo tumekuwa tukiliita la bibi. Mziwanda mwenyewe ndiye huwa analipalilia, tangu ana nguvu ya kushika jembe. Baba alimpa kaburi lile kama kazi yake na hakuruhusu mwingine aliguse.

Mziwanda hakulia. Akamuuliza mshauri kama ile karatasi ya mwaka jana anayo. Akaitoa. Mziwanda akaweka kidole kwenye mraba wa mwisho.

"Sasa hapa mnanifuta?"

"Hapana," mshauri alisema. "Kuna alama yake."

Akachukua kalamu, akaweka mabano pande zote mbili za ule mraba, na ule mstari uliomshusha kutoka kwa baba na mama akauchora upya kwa vidotidoti. Akaeleza kwamba duniani kote wanaofanya kazi yake huchora hivyo mtoto aliyepokelewa. Yuko nyumbani kwao, yuko na ndugu zake, ila ugonjwa haupiti katika mstari ule. Mama akauliza kama alama hiyo inasema si mtoto wake. Mshauri akasema inasema tu kwamba moyo wake hakuupata kwake. Mama akafikiri, akasema sawa, hiyo ni kweli.

Nilitegemea furaha. Nilikuwa nimeiandaa kabisa, hata pilau nilikuwa nimeagiza. Mziwanda alitoka nje, akapanda pikipiki ya kwanza iliyosimama, na kwa muda mrefu hakupokea simu ya mtu yeyote kati yetu. Mama alirudi Mabamba akasema mwacheni. Mimi si mtu wa kuacha, nilimpigia kila siku mpaka akaizima. Nilikuwa naogopa. Nilijiambia tumempa moyo mzima na tumemnyang'anya kwao, na sikujua kama biashara hiyo ni ya haki.

Alirudi siku ya soko. Niliona kivuli mlangoni, nikadhani mteja. Shangazi alikuwepo, amekuja kulalamika kuhusu gauni lililobana. Mziwanda hakunisalimu mimi kwanza. Alimgeukia yeye.

"Masenge," alimwita, kama tunavyowaita mashangazi kwa Kiha, "ile pua ya babu ulinipa ya nini?"

Shangazi hakushtuka hata kidogo. Alimtazama kutoka juu mpaka chini.

"Nilikuwa nayo," alisema. "Ningempa nani?"

Mziwanda akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, na mimi nikafunga mlango wa duka ingawa ilikuwa mchana wa soko na wateja walikuwa nje. Alituambia alikuwa Mabamba siku zote hizo. Alilala kwa mama, naye mama hakutuambia. Alilipalilia lile kaburi, safari hii akijua ni la nani, na alikwenda kwenye kaburi la baba akamgombeza mpaka akachoka. Kisha akapanda kwenye paa la jiko la mama, lililokuwa linavuja, akalibadilisha lote.

Na alikuwa amekwenda Muyama kumwona mchumba wake. Alimweleza kila kitu mwenyewe kabla ya kumweleza mtu mwingine. Binti akamwambia basi alete wazee.

Tukaenda, ukoo mzima tena. Kwa wakwe tulikaribishwa vizuri, soda na ndizi za kuchoma, lakini nyuso zilikuwa ngumu. Habari zilikuwa zimetutangulia. Baba mkubwa wa binti, mzee mkavu mwenye kofia, alisubiri salamu ziishe akasema wamesikia kwetu kuna ugonjwa wa moyo unaotembea katika damu, unaangusha wanaume wakiwa wima. Wao wana binti mmoja, wangependa kusikia.

Mshenga wetu, mtu tuliyemchukua kwa ufundi wa maneno, akakohoa na kuanza kuzunguka, kwamba magonjwa ni ya Mungu, kwamba watu husema mengi. Kwetu na kwao mwoaji hasemi siku kama ile. Anakaa ameinamisha kichwa kama mgeni asiyeelewa lugha. Mziwanda aliinua kichwa, akaomba radhi kwa mshenga, akasimama.

Nilijua neno lililokuwa rahisi. Angesema tu kwamba yeye si wa damu ile, alipokelewa, na mlango ungefunguka pale pale, na hata nyuso zingelainika. Lilikuwa neno la kweli. Mama naye alilijua. Alikuwa amekaa mkekani na wanawake, mikono imefungwa magotini, hamtazami mtu.

"Ni kweli, baba," mziwanda alisema. "Kwetu upo. Umemchukua baba yangu na kaka yangu, na dada yangu yule pale anameza dawa kila siku. Mimi sikuurithi. Watoto wangu hawataurithi. Lakini kwetu upo, na watoto wa kaka yangu tunawapeleka kupimwa, na nitaendelea kuwapeleka hata nikishaoa hapa. Mkiniuliza kwetu ni wapi, ndiko huko."

Yule mzee akauliza ametoka kwa nani, maana siku kama ile huulizwa. Na mziwanda akahesabu: baba yetu, babu yetu ambaye jina lake analo, na baba wa babu, na wa juu yake, mpaka wale ambao hata mimi nilikuwa nimekwisha kuwasahau. Hakuruka hata mmoja.

Mama alinyoosha miguu mkekani, taratibu, kama mtu aliyefika. Shangazi akanifinya paja, akaninong'oneza nifute machozi wakwe wasije wakaona.

Nikamwambia waone.